Mshenga ni Maji: Jicho la Furu na Rangi ya Dume

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na ninyi mliosimama huko mlangoni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie rangi za samaki. Bahari ni pana na maziwa ni mengi, kwa hiyo muda wangu mwingi nitautumia kwa samaki wawili tu, tena wadogo, kila mmoja anaenea kwenye kiganja.

Picha zao nimezibandika hapa mbele. Huyu wa kushoto mwili wake ni wa kijivu unaoelekea buluu, na milia myeusi imemshuka kutoka mgongoni hadi tumboni. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia pundamilia. Safari hii Kilatini kimekaa pembeni, Kiswahili kikapita. Huyu wa kulia mgongo ni mwekundu, ubavu ni wa njano, tumbo jeusi, na milia anayo pia. Anaitwa Pundamilia nyererei. Alielezwa kisayansi mwaka 1985, na waliomwandika wakampa jina la Mwalimu Julius Nyerere, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka. Wote wawili ni furu, yaani samaki wadogo wa jamii moja na sato, wa Ziwa Victoria, na makao yao ni miamba ya Ghuba ya Mwanza na visiwa vya jirani.

Na wote wawili ni madume. Shikeni hilo. Picha za majike sikuzileta, kwa sababu zisingewasaidia kitu: jike wa huyu na jike wa yule wote ni wa rangi ya udongo-udongo, na ukiwaweka kwenye beseni moja hata mtu aliyezoea kuwashika atakuna kichwa.

Sasa sikilizeni kinachonisumbua. Ukiwafungia maabara jike wa upande huu na dume wa upande ule, wakikosa wengine wa kuchagua, watazaa. Watoto watakua wazima, na watoto hao nao watazaa. Hakuna kizuizi mwilini. Wanaishi kwenye mwamba mmoja, wengine wametenganishwa na mita mbili tatu za maji. Hakuna mlima wala jangwa kati yao. Kwa nini basi hawajawa samaki mmoja zamani?

Anayewazuia ni jike, kwa macho yake. Na anachokiona jike kinategemea maji.

Ninyi mnajua kazi ya mshenga. Anatumwa na upande mmoja kupeleka maneno upande wa pili. Mshenga akiwa mwaminifu, maneno yanafika kama yalivyosemwa. Akimeza nusu njiani, bibi harusi atasikia habari nyingine kabisa, na bwana harusi hatajua kwa nini amekataliwa. Chini ya maji, dume anatuma ujumbe kwa rangi, jike anaupokea kwa jicho, na katikati yupo mshenga ambaye ni maji. Mshenga huyu si mwaminifu hata siku moja. Kila maji yana mwanga yanaoumeza na mwanga yanaoupitisha.

Katika bahari safi, kinachomezwa kwanza ni mwekundu. Ukishuka mita chache tu, wekundu umepungua sana. Ukizidi kushuka hubaki buluu peke yake. Ndiyo maana samaki wengi wa kina kirefu ni wekundu, jambo ambalo kwa mtu wa nchi kavu linaonekana kinyume. Kitu chekundu mahali pasipo na mwanga mwekundu hakina cha kurudisha, kwa hiyo huonekana cheusi. Yule samaki amevaa vazi la kujifichia, sisi tukimtoa juu tunadhani kavaa la sherehe. Na jicho nalo hufuata mwanga uliopo. Silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa mara kwa mara katika maji ya Tanga na Komoro, ana protini mbili za kuonea kwenye macho yake. Moja hupokea vizuri zaidi mwanga wa nanomita 478, nyingine 485. Nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga: namba ikipanda, rangi inatoka buluu kuelekea nyekundu. Mwanga unaofika anakokaa, mnamo mita 200 chini, ni wa nanomita 480 hivi. Nusu ya juu ya upinde wa mvua, yenye wekundu na njano, kwake haipo, na hana sababu ya kulipia macho ya kuiona.

Rudini sasa Mwanza, mambo yanageuka. Maji ya ghuba yana mwani, yana chembe za udongo, yana rangi ya majani yaliyooza. Vitu hivi humeza buluu kwanza. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka, mwanga unazidi kuwa wa njano, kisha wa rangi ya chungwa, kisha mwekundu. Juu karibu na uso wa maji bado kuna buluu ya kutosha. Na Pundamilia pundamilia, huyu wa kijivu-buluu, hukaa juu, mara nyingi ndani ya mita mbili za kwanza. Nyererei, mwenye mgongo mwekundu, hukaa chini yake. Kila dume amejipaka rangi ambayo mshenga wa mtaa wake anaweza kuifikisha.

Hapo mtu anaweza kuniambia, "Bahati tu hiyo, umekuta samaki wawili wakakubaliana na hadithi yako." Ni pingamizi la haki. Kwa hiyo twende ndani ya jicho.

Sisi binadamu tuna aina tatu za koni, yaani zile seli za nyuma ya jicho zinazotenganisha rangi. Kila aina ina protini yake inayoitwa opsini. Furu wana jeni saba za opsini za koni, ingawa hawa wa Ziwa Victoria wakishakua hutegemea hasa tatu: moja ya buluu, moja ya kijani, na moja ya upande wa njano na nyekundu. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye mambo. Inapatikana kwa matoleo zaidi ya moja, na wataalamu wameyapa mawili makuu herufi P na H. Toleo la P hupokea vizuri zaidi mwanga wa nanomita 544 hivi. Toleo la H hupokea wa 559. Tofauti ni nanomita 15, iliyoletwa na asidi amino chache tu, yaani vijenzi vya protini, kubadilishwa kwenye protini nzima.

Mtafiti wa furu Ole Seehausen na wenzake, wakiwemo watafiti wa Japani waliozichambua jeni hizo, walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kupima visiwa vitano, kuanzia Makobe ambako maji ni maangavu, kuingia ndani ya ghuba kupitia Ruti, Python na Kissenda, hadi Luanso ambako maji ni mazito kwa tope. Pale Makobe, samaki wa buluu wa juu walikuwa na toleo la P, na wekundu wa chini walikuwa na H. Jicho la samaki wa chini limesogezwa kuelekea mwekundu, kule kule ambako mwanga wa mtaa wake umesogea. Na si jeni peke yake: samaki walipopimwa wakiwa hai, kwa kuangalia ni mwanga hafifu kiasi gani bado wanaweza kuufuata kwa macho, nyererei aliuona mwekundu kwa urahisi zaidi na pundamilia akaiona buluu kwa urahisi zaidi.

Jicho kama hilo halikutengenezwa kwa ajili ya mapenzi. Lilitengenezwa kwa ajili ya kula na kukwepa kuliwa. Nyererei hula vidudu vidogo vinavyoelea majini. Pundamilia huokota zaidi mabuu ya wadudu kwenye miamba. Kila mmoja anahitaji kuona chakula chake katika mwanga wa kwake, na asiyeona vizuri hafiki umri wa kuzaa. Huo ndio uteuzi asilia. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2017 ambapo furu hawa walilelewa chini ya taa zilizoiga mwanga wa juu na mwanga wa chini, na kila aina ikaishi vizuri zaidi chini ya mwanga wa kwao. Hawakuwa na sangara wa kuwakimbia wala mchumba wa kumfuata. Walikuwa na taa tu.

Lakini jicho likishatengenezwa kwa ajili ya chakula, ndilo hilohilo atakalolitumia jike kutazama madume. Hana jingine. Jicho lililonolewa kwa mwekundu litashtushwa zaidi na dume mwekundu, na dume aliyeshtua ndiye atakayezaa. Majike wa nyererei wakipewa nafasi huchagua madume wekundu zaidi kati ya wekundu. Kizazi baada ya kizazi jicho linavuta rangi, na rangi inafuata jicho. Mwaka 1992 mwanabiolojia John Endler aliipa fikra hii jina ambalo kwa Kiswahili ninaliita msukumo wa hisi: mazingira hufinyanga hisi, hisi hufinyanga mapambo.

Sasa nije kwenye jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji mashine ya mamilioni. Seehausen na Jacques van Alphen walichukua majike wa aina zote mbili wakawapa madume wa kuchagua. Chini ya taa nyeupe, kila jike alikwenda kwa dume wa kwao. Kisha wakabadilisha taa wakaweka ya rangi ya chungwa, ambayo chini yake nyekundu na buluu hazitofautiani tena. Majike ni walewale, madume ni walewale, maji ni yaleyale. Majike wakaacha kubagua. Ukuta uliotenganisha spishi mbili ulikuwa umesimama juu ya balbu.

Nitalirudia jambo hilo baadaye kidogo. Kabla ya hapo lazima niwataje wanaokula samaki, maana jike si mtazamaji pekee. Rangi inayomwita mchumba inamwita na adui.

Endler huyohuyo alifanya kazi yake kubwa kwenye vijito vya Trinidad, kwa samaki mdogo anayeitwa gapi, ambaye madume wake wana madoa ya rangi ya chungwa, buluu na nyeusi. Katika vijito vyenye samaki wakubwa wanaowinda, madume walikuwa na madoa machache na madogo. Juu ya maporomoko, wawindaji hao wasikoweza kupanda, madume walikuwa wamejipamba kupita kiasi. Endler hakuishia kuangalia. Alijenga mabwawa kwenye banda la kioo huko Princeton, Marekani, akaweka gapi, kisha kwenye baadhi ya mabwawa akaingiza mwindaji mkali. Miezi 14 baadaye madume wa mabwawa hayo walikuwa wamepungua madoa, na wale wa mabwawa salama walikuwa wameongeza. Hata kokoto za chini zilikuwa na lao: penye adui, madoa yalikaribia ukubwa wa kokoto ili dume apotee juu yake; pasipo adui, yalitofautiana nazo ili aonekane. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1980, na sijui jaribio lingine la mageuzi ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa haraka hivyo.

Na adui naye ana jicho lake. Kuna vijito vya Trinidad ambako mwindaji mmojawapo ni kamba wa mtoni, na kamba huona mwekundu kwa shida. Endler aliona kwamba huko gapi wana doa la chungwa kubwa zaidi. Ni kama kunong'ona kwa lugha ambayo jirani haielewi. Kwenye miamba ya matumbawe kuna samaki wadogo wa njano ambao wamekwenda mbali zaidi: wana michoro usoni inayoonekana kwa mwanga wa urujuanimno tu, na kwa michoro hiyo wanatambuana nani ni wa spishi yao na nani siye. Samaki wengi wakubwa wanaowawinda hawauoni mwanga huo. Sisi pia hatuuoni. Tunawatazama tunasema, "Samaki wa njano tu."

Niseme na la tahadhari, kwa sababu hadithi inayoingia vizuri hivi mdomoni hushawishi watu kuipeleka kila mahali. Mtu anaweza kutoka hapa akidhani kanuni ni nyepesi: maji mekundu, samaki mwekundu. Sivyo. Kanada, katika maziwa ya British Columbia, kuna samaki wenye miiba mitatu mgongoni ambao dume wao huwa na koo jekundu wakati wa kuzaliana. Kwenye maziwa ambayo maji yenyewe yamekolea wekundu, madume wameacha nyekundu wakawa weusi, kwa kuwa nyekundu mbele ya pazia jekundu haionekani, na majike wa huko macho yao hayaujali sana mwekundu. Florida nako yupo samaki mdogo ambaye madume wenye mapezi ya buluu ni wengi zaidi kwenye vinamasi vyenye maji ya rangi ya chai, ambako mwanga wa buluu ni haba. Dume wa kuonekana lazima atofautiane na kilicho nyuma yake, na njia za kutofautiana ni zaidi ya moja. Ukitaka kutabiri rangi ya samaki, mwanga peke yake hautoshi. Lazima ujue jicho, ujue pazia la nyuma, ujue na nani mwingine anatazama.

Madume wenyewe nao wanatazamana, na hili kwa furu ni zito. Dume hushika eneo lake kwenye mwamba na kulipigania. Wakipambanishwa wawili, mwekundu mara nyingi humshinda wa buluu. Ukiweka taa ya kijani inayofuta wekundu, faida hiyo inatoweka. Mtu angetarajia basi wekundu wawafukuze wa buluu waenee kila mahali. Kinachowapunguzia kasi ni kwamba dume humshambulia zaidi mwenye rangi kama yake, kwa sababu huyo ndiye mshindani wake kwa majike. Mwenye rangi ngeni kati ya majirani hupigwa kidogo. Kwa hiyo rangi iliyo adimu hupata pa kupumulia.

Sasa nirudi kwenye ile taa ya chungwa. Ziwani taa hiyo haikuwashwa na mtafiti.

Tangu miaka ya 1920 maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakipoteza uangavu. Misitu ilikatwa, udongo ukamomonyoka, mbolea na maji machafu vikaingia, mwani ukanenepa. Ziwa likizungumzwa, watu hukimbilia kumtaja sangara, na kweli sangara alifanya yake: alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akafumuka miaka ya 1980, na inakadiriwa aina zipatazo 200 za furu zilipotea. Lakini hawa wangu wa kwenye miamba walikuwa na mapango ya kujificha, na wengi walipona. Wao wamepatwa na kingine, kisichoacha mfupa. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba kadiri maji ya kisiwa yalivyokuwa na ukungu, ndivyo rangi za madume zilivyofifia na ndivyo aina za furu zilivyokuwa chache kwenye mwamba mmoja. Katika maji kama ya Luanso, kutoka juu kuwa na mwanga wa kawaida hadi chini kuwa na wekundu mtupu ni hatua fupi mno, hakuna nafasi ya kugawana mitaa miwili. Ukivua pale hupati spishi mbili. Unapata samaki wanaotiririka kutoka buluu-buluu hadi wekundu-wekundu, na kati yao kila aina ya mchanganyiko.

Hakuna samaki aliyekufa, angalieni. Idadi kwenye nyavu inaweza kuwa ileile. Kilichokufa ni tofauti yao, na hiyo haielei juu ya maji ikinuka.

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani hapo ndipo habari inapoishia. Mwaka 2017 zikaja kazi mbili zilizosoma jinomu, yaani jumla ya urithi wa jeni, za samaki hawa, nazo zimenifanya nirekebishe maandishi yangu ya kufundishia. Ya kwanza ilionyesha kwamba pundamilia na nyererei wa Python na Kissenda hawakuja wakiwa wawili wakabaki wawili. Walikutana, wakachanganyika, kisha kutoka kwenye mchanganyiko huo wakajitenga upya kuwa wa buluu juu na wekundu chini. Ya pili ilifuatilia zile jeni za macho. Mnajua Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Muda huo ni mfupi sana kwa jeni kubuni mambo mapya kwa spishi mia tano. Kumbe hazikubuni. Matoleo yale mawili ya opsini yanatoka kwa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Mto Nile, zilizokutana na kuzaliana kabla ya ziwa hili la sasa. Macho ni makongwe kuliko maji wanayotazamia. Ziwa lilipojaa lilikuta akiba ya macho ya kila namna, likaanza kuyagawa kwa kina.

Kwa hiyo kuchanganyika peke yake si mwisho. Samaki wa Python walichanganyika na wakatengana tena, kwa kuwa pale maji bado yana mtaa wa juu na mtaa wa chini. Wa Luanso bado hawana mitaa hiyo.

Nimeonyeshwa saa, na mwenyekiti ameanza kunitazama kwa jicho la P. Picha zangu mbili naziacha mezani. Barazani kuna ile taa ya zamani ya njano; mtakapotoka, chukueni picha mkazitazame chini yake, kisha mniambie yupi ni yupi.